Sikio la Aliyependa

Kuna magari yanayojulikana kabla hayajaonekana. Usiku, mkazi wa Nairobi hahitaji kufungua dirisha ili ajue kwamba Subaru Impreza WRX imepita barabarani. Ule mngurumo mzito unaokatika-katika unamtosha. Sauti hiyo ina asili yake. Injini ya Subaru ina silinda nne zilizolala, mbili kulia na mbili kushoto, na katika WRX za zamani mabomba yanayokusanya moshi kutoka pande hizo mbili hayakuwa na urefu sawa. Mipigo ya moshi hufika kwenye turbo kwa vipindi visivyolingana, na kutolingana huko ndiko kunakotoa mdundo ambao vijana huutambua kwa mbali. Kinachopendwa zaidi katika gari hili, basi, ni sauti ya kukatika. Hapo ndipo ugumu wa kulinunua mkononi mwa mtu unapoanzia: sikio lililozoea kuona uzuri katika kukatika huko, litatambuaje siku sauti hiyo inapokatika kwa sababu ya ugonjwa?

Mapenzi haya hayakuzuka hivi hivi. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda mbio za Safari Rally akiendesha Impreza, na mwaka 2000 Richard Burns akashinda tena kwa gari la jina hilo hilo. Wakenya walikuwa pia na dereva wao, Patrick Njiru, aliyeendesha Subaru katika Safari ya miaka ya 1990. Watoto waliosimama kando ya barabara za vumbi kuyatazama magari yale ya buluu yakipita sasa ni watu wazima wenye mishahara, akiba na mikopo ya sacco. Safari ilitoka kwenye mashindano ya dunia baada ya 2002 na kurejea mwaka 2021, nao walikuwa tayari Naivasha, wengi wao wakiwa wameegesha Subaru zao wenyewe. Mtu anayekwenda kulijaribu gari la namna hii haendi mikono mitupu. Anakwenda na utoto wake.

Wahenga waliliona jambo hili zamani: akipenda, chongo huita kengeza. Aliyependa huiona kasoro vizuri kabisa, ila huipa jina dogo. Injini ikigonga, atasema ni ubaridi wa asubuhi. Moshi ukitoka, atasema gari lilikuwa limekaa. Taa ikiwaka kwenye deshibodi, atasema ni sensa tu. Na muuzaji akimwambia, "Kaka, hiyo ndiyo sauti ya Subaru," atashukuru, kwa kuwa hilo ndilo jibu alilokuja akilitafuta. Nimekuwa nikilitafakari jambo hili kwa muda mrefu, kwa sababu naamini kulijaribu gari la michezo lililotumika ni mojawapo ya nafasi chache maishani ambapo mtu anaweza kujifunza, kwa saa moja tu, namna ya kusikiliza ukweli kuhusu kitu anachokitaka sana.

Injini hujieleza, lakini ina wakati wake wa kujieleza. Inayo maneno ya asubuhi ikiwa baridi, maneno ya mlimani ikiwa imebeba mzigo, na maneno ya jioni ikiwa imechoka kwa joto. Mnunuzi mwenye haraka husikia sehemu moja tu, na mara nyingi ni ile aliyochaguliwa na muuzaji.

Tuanze na ubaridi. Ukifika, kabla ya salamu kwisha, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ina joto, gari limeshawashwa kabla hujafika, na ushahidi ulio bora kuliko wote umepotea. Huenda muuzaji alikuwa anarudi dukani. Huenda alikuwa anakuficha jambo. Huna haja ya kumhukumu. Omba urudi kesho alfajiri, na useme wazi kwamba ungependa kuliwasha mwenyewe likiwa limelala usiku kucha. Muuzaji asiye na la kuficha hapotezi kitu kwa ombi hilo.

Kabla ya kupiga stati, fungulia swichi na uitazame deshibodi. Taa ya injini na taa ya oili zinapaswa kuwaka, kisha zizimike injini inapoanza kufanya kazi. Wengi huogopa taa inayobaki ikiwaka, na ni haki yao. Lakini taa isiyowaka kabisa hata mwanzo ni mbaya zaidi, kwa maana yawezekana mtu ameinyamazisha kwa mkono wake. Kisha vuta kijiti cha oili. Kiwango kikiwa chini, umeshajua mengi kuhusu mwenye gari. Oili ikiwa nyeusi tu, hilo ni jambo la kawaida ya kazi yake. Lakini ukiipaka kwenye karatasi nyeupe na kuielekeza kwenye mwanga, na ukaona chembe zinazong'aa, hiyo ni chuma inayolika ndani, na hakuna maelezo mazuri yatakayoirudisha ilikotoka. Fungua na kifuniko cha kujazia oili: utando mzito wenye rangi ya maziwa unaonyesha kwamba maji yameingia mahali pa oili. Katika gari linaloendeshwa safari fupi fupi kwenye baridi, utando mwepesi unaweza kuwa wa unyevu tu. Ukiwa mwingi, angalia na maji ya radieta kama yana mafuta juu yake.

Sasa liwashe, na umwombe mwenzako asimame nyuma atazame moshi. Mvuke mweupe asubuhi ya Julai kule Limuru ni mvuke tu, na utatoweka bomba likipata joto. Moshi mweupe unaoendelea kutoka hata injini ikishapata joto, wenye harufu tamu, ni wa maji yanayoungua ndani ya silinda, na mara nyingi chanzo chake ni gasketi ya silinda hedi. Moshi mweusi ni petroli nyingi kupita hewa iliyopo. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, na huo unahitaji kusomwa kwa makini zaidi. Kwa kuwa silinda za Subaru zimelala, oili kidogo inaweza kubaki ndani yake gari likiegeshwa kwenye mteremko, kisha ikatoa pumzi moja ya buluu wakati wa kuwashwa. Hilo peke yake halimhukumu mtu. Lakini buluu inayokuja kila unapokanyaga mafuta inaelekeza kwenye ringi za pistoni. Ile inayotoka unapoachia mafuta kwenye mteremko, au unapokanyaga baada ya gari kusimama likinguruma kwa dakika kadhaa, inaelekeza kwenye mihuri ya valvu au turbo. Rangi ni moja, wakati ndio unaotenganisha ugonjwa na ugonjwa.

Na sauti? Hapa ndipo aliyependa anapotakiwa kuisikiliza sauti iliyo nyuma ya ile anayoipenda. Injini hizi zikiwa baridi, huweza kutoa mgongano mwepesi wa pistoni kutikisika ndani ya silinda, na mgongano huo hupungua kadiri chuma inavyopanuka kwa joto. Wengi wameendesha nao kwa miaka. Unaotisha hufuata njia iliyo kinyume: unakuja joto linapopanda. Oili ikishapata joto huwa nyepesi, na ikiwa beringi za konrodi zimelika, nafasi iliyobaki haijazwi tena na oili hiyo. Ukiishikilia injini kati ya mizunguko 2,000 na 3,500 kwa dakika bila kukanyaga sana, kisha ukaachia, utasikia kugonga kuzito kutoka chini, kunakoongezeka na kupungua pamoja na mwendo wa injini. Anayesikia sauti hiyo asiendelee na safari. Kila kilomita inayoongezwa inalisogeza gari karibu na siku ambayo konrodi itatoboa ubavu wa injini.

Ndiyo maana mtu hapaswi kuridhika na kuzunguka mtaa mmoja. Liendeshe taratibu mpaka mshale wa joto ufike mahali pake na utulie, kisha liendeshe tena kwa muda, kwa sababu oili huchelewa kupata joto kuliko maji. Halafu tafuta mlima. Walioko Nairobi wana kupanda kwa Limuru. Huhitaji mwendo wa mashindano wala kuhatarisha watu barabarani. Unachohitaji ni mzigo. Gari likiwa gia ya nne, kwenye mizunguko 2,500 hivi, kanyaga mafuta kwa ukamilifu na usikilize huku redio imezimwa na madirisha yameshushwa kidogo. Turbo nzima husukuma kwa mfululizo, bila kusitasita. Ikiwa injini inakohoa, inakata nguvu au inatoa mlio wa hewa inayovuja, andika akilini. Na ikiwa unasikia mlio mkavu wa haraka, kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo la bati, achia mafuta mara moja. Huo ni mlipuko unaotokea ndani ya silinda wakati usio wake, na ndio unaovunja kingo za pistoni zinazoshika ringi.

Mlio huo una historia inayotuhusu sisi moja kwa moja. Magari mengi ya aina hii yaliyoko Afrika Mashariki yalitengenezwa kwa soko la Japan, ambako petroli ya daraja la juu hufika oktani 100. Petroli ya vituo vyetu mara nyingi huwa chini ya hapo. Injini ya kawaida huvumilia, lakini injini yenye turbo iliyoongezewa msukumo na fundi wa kompyuta ili mwenyewe ajivunie nguvu, huku ikinywa petroli isiyolingana na nguvu hiyo, inaishi kwa kukopa siku. Ukiona gari lina kipimo cha msukumo kilichoongezwa, bomba kubwa la moshi na kichujio cha hewa kilicho wazi, uliza ni nani aliyerekebisha hesabu za kompyuta yake, lini, na kwa petroli gani. Vifaa hivyo havina dhambi. Dhambi ni kuviweka bila hesabu.

Wakati ukiwa mlimani, usiusahau mshale wa joto. Mshale unaopanda kwenye mwinuko na kushuka kwenye tambarare unasimulia habari za maji: radieta iliyoziba, pampu iliyochoka, au gasketi inayopitisha moto wa silinda kwenda kwenye maji. Injini za Subaru za lita 2.5 zisizo na turbo ndizo zilizojulikana zaidi kwa ugonjwa wa gasketi, lakini hakuna injini ya namna hii iliyo salama ikishawahi kuchemsha. Silinda hedi zake ni za alumini, na alumini ikichemshwa hupinda. Baada ya safari, tazama tangi la akiba la maji bila kufungua kifuniko cha radieta chenye moto. Mapovu yanayopanda mfululizo hapo ni moshi wa silinda uliopotea njia.

Kisha liache lingurume likiwa na joto lote. Sasa oili ni nyepesi kuliko wakati wowote wa siku, na presha yake iko chini kuliko wakati wowote. Taa ya oili ikimetameta hapo, hata mara moja, hakuna haja ya mjadala. Isipometameta, zima, ngoja dakika kumi, liwashe tena. Inama uangalie chini. Nusa. Oili inayodondokea bomba la moto hutoa harufu kali ambayo haifichiki hata kama injini imeoshwa ikang'aa. Na hilo la kung'aa nalo ni la kupimwa: injini ya gari la miaka 20 iliyooshwa asubuhi ya kuuzwa imefutiwa alama za mahali inapovuja.

Mtu akisoma orodha hii anaweza kudhani kwamba injini hizi ni dhaifu. Sivyo, na ni haki kusema hivyo kwa sauti. Mwezi wa Januari 1989, kabla Impreza haijazaliwa, Subaru ilipeleka Legacy yenye injini ya EJ20 ya turbo huko Arizona, Marekani, ikaizungusha uwanjani usiku na mchana mpaka kilomita 100,000 zikaisha, kwa mwendo wa wastani wa kilomita 223 kwa saa. Ukoo wa injini hiyo ndio ulioingia ndani ya WRX mwaka 1992, na uliendelea kuuzwa Japan mpaka mwishoni mwa miaka ya 2010, ulipoagwa kwa toleo la magari 555. Chuma hii inaweza kazi. Kilichokuwako Arizona ambacho mara nyingi hakipo kwetu ni watu waliosimama karibu nayo, wakiijua kiu yake na wakiikata kwa wakati.

Kwa hiyo dalili tunazozitafuta siku ya kujaribu gari, kwa sehemu kubwa, ni dalili za watu. Beringi iliyolika ni oili iliyocheleweshwa, au kona kali zilizopigwa oili ikiwa imepungua. Turbo inayotoa moshi mara nyingi ni injini iliyozimwa ghafla, mara kwa mara, baada ya kukimbizwa. Gari lililoingia Kenya likiwa na umri usiozidi miaka minane, kama sheria inavyotaka, na leo lina miaka 25, limeishi nchini muda mrefu kuliko lilivyoishi Japan. Karatasi ya mnada wa Japan, hata ikiwa safi, inaeleza utoto wake tu. Maisha yake ya utu uzima yameandikwa kwenye risiti za gereji, kama zipo, na ndani ya injini, ambako hakuna anayeweza kuyafuta.

Lakini kuna mpaka wa kusikiliza, na anayeheshimu ukweli lazima auonyeshe. Yapo magonjwa yasiyo na sauti. Mkanda wa taimingi wa injini hizi unapaswa kubadilishwa karibu na kilomita 100,000. Mkanda uliozeeka hufanya kazi kimya kimya mpaka sekunde unapokatika, na hapo valvu hukutana na pistoni. Porsche 911 na Boxster nyingi za mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 zina beringi ya shafti ya kati ambayo huweza kuharibika ghafla na kuiua injini nzima, na wengi wa wenye magari hayo hawakuonywa na chochote walichokuwa wakikisikia. Mazda RX-8 yenye injini ya mzunguko inaweza kuwaka vizuri ikiwa baridi, kisha ikakataa kuwaka ikiwa na joto, na mnunuzi asiyeizima na kuiwasha tena hatajua kamwe kwamba kompresheni yake imekwisha.

Hapo sikio linakaribisha mkono wa fundi. Kupima kompresheni ya kila silinda, na kulinganisha silinda na silinda, kunaonyesha ringi zilizochoka kabla moshi haujaonekana. Katika Subaru kazi hiyo inachukua muda, kwa kuwa plagi zimefichwa ubavuni karibu na mwili wa gari, na fundi atadai malipo yanayolingana. Kukata kichujio cha oili na kukunjua karatasi yake kunaonyesha chuma ambayo bado haijapiga kelele. Malipo hayo ni madogo ukiyapima na bei ya injini nyingine. Ila fundi awe wako, asiwe rafiki wa muuzaji, na asiwe anayetarajia kuuza injini hiyo nyingine. Na umwachie aseme. Nimeona watu wakimlipa fundi ili awaunge mkono, wakikasirika anapotikisa kichwa. Fundi mzuri amefungua injini nyingi zilizokufa. Anaposema "hili acha," anasema kwa niaba ya wote waliomletea magari kwa kamba.

Nasema haya kwa uzito kwa sababu hasara yake haimwangukii mnunuzi peke yake. Injini ikifa kwenye barabara ya Mombasa, wakati gari liko upande wa kulia likipita lori, kosa la kusikia limekuwa kosa la uhai. Na hata ikifa ikiwa imeegeshwa, pesa zilizokwenda humo zilikuwa na majina mengine nyumbani: karo, kiwanja, matibabu ya mzazi. Mtu anayo haki ya kununua furaha kwa jasho lake. Haki hiyo inamdai aijue bei nzima ya furaha hiyo.

Muuzaji naye tusimfanye adui. Wengi hawajui hali ya injini wanayoiuza. Wamezoea sauti yake siku kwa siku mpaka kugonga kukawa kimya kwao. Nao walipenda. Kumweleza muuzaji ulichokisikia, kwa adabu na bila kumwita mwongo, ni kumfanyia wema ambao huenda hakuna aliyewahi kumfanyia, na huenda kukamwokoa mnunuzi anayekuja baada yako.

Inabaki saa ya kuamua, na ndiyo inayotupima. Aliyesikia vizuri ana njia tatu zote za heshima: kuondoka, kununua kwa bei inayohesabu ugonjwa uliopatikana, au kununua gari lililothibitika kuwa zima. Isiyo ya heshima ni moja tu, kununua huku akilini umelibadilisha jina la ulichokisikia. Mapenzi yanayohitaji tusisikie ni hofu ya kukosa. Anayeipenda kweli ile injini ya silinda nne zilizolala, na historia ya Safari iliyomo ndani yake, atataka iendelee kuishi, na haiwezi kuendelea kuishi mikononi mwa mtu anayekataa kuisikia inapolalamika. Basi akishalinunua asilifunge sikio alilolifungua siku ya majaribio: avute kijiti cha oili kila wiki, aisubiri injini ipate joto kabla ya kuikimbiza, aipe dakika ya kupoa kabla ya kuizima. Siku atakapoliuza, naye ataweza kumwambia mnunuzi wake afike alfajiri, aweke kiganja juu ya boneti, na aliwashe mwenyewe.